Baba Huingia Kwanza

Ghuba ya Sassafras, Tennessee
Machi 23, 1986

Mwanangu Nelda,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Najua ungeniamkia kama ungeandika, na hujaandika tangu Krismasi. Mimi mzima, ila goti la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Wewe je? Na Corrie? Na huyo mumeo Lamar, bado wanamgeuzageuza zamu pale kiwandani?

Huku maji yameanza kupanda. Wale wa bwawa wamefunga milango wiki iliyopita, na lile tope lililokuwa mbele ya nyumba kipindi chote cha baridi limefunikwa, ziwa limerudi kuwa ziwa. Miti ya dogwudi haijachanua bado, lakini vichipukizi vimevimba. Yale maua meupe yakionekana tu msituni, samaki wale wa krapi wanasogea ufukweni kutaga, na hapo hata mchungaji hufupisha mahubiri.

Nikupe habari. Mzee Buford wa ng'ambo ya ghuba alifariki mwezi wa pili, na watoto wake wakauza vitu vyake uani. Nimejipatia taa zake za majini. Unazitundika chini ya gati, zinamulika kijani. Wadudu wanakuja, vidagaa wanafuata wadudu, krapi wanafuata vidagaa, na mimi nawafuata krapi nikiwa kwenye kiti changu na kahawa mkononi. Clovis, jirani yangu, amezunguka Januari nzima akiokota miti ya Krismasi iliyotupwa na watu, akaizamisha na matofali mahali anapodhani sipajui, ili krapi wajifiche humo. Ameganda vidole kwa ajili ya samaki. Mimi nabonyeza swichi.

Waya nimeuvuta mwenyewe kutoka kibanda cha kukaushia nyama mpaka gatini, nikaupigilia misumari ya kupinda chini ya mbao usionekane. Plagi ilikuwa na meno matatu na tundu la ukutani ni la mawili, nikalikata la tatu kwa koleo. Fundi wa mjini angekuja na gari lenye ngazi juu kwa kazi hiyo.

Sasa nisikilize. Tangu tumzike mama yako hujakanyaga hapa. Najua tulisemana vibaya siku ile. Ulitaka niuze nyumba, nikatoa maneno ambayo sitayarudia. Nataka tu mjukuu wangu aje kiangazi hiki aogelee alikojifunzia mama yake. Mtoto ana miaka tisa na hajui harufu ya ziwa! Kwini naye amezeeka, lakini bado ni mbwa anayeogelea kwenda kupokea kila boti, na anastahili mwenzake wa kucheza naye majini.

Simu sijairudisha tangu dhoruba iangushe waya. Nimepumzika kusumbuliwa na wauza bima. Ukitaka kitu cha haraka mpigie Clovis, atatembea kuniita, akinuna.

Baba yako,
Hoyt


Dayton, Ohio
Aprili 9, 1986

Baba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri, isipokuwa Corrie ana mafua na Lamar ana zamu za usiku, kwa hiyo nyumba hii mmoja anakohoa na mwingine anakoroma mchana. Pole kwa goti. Pole pia kwa Mzee Buford. Alikuwa akinipa peremende kanisani wakati wa maombi, mama akifumba macho.

Barua yako nimeisoma jikoni nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Sitakudanganya, yale maneno bado yanauma. Lakini juzi Corrie aliniuliza kama babu yake ni mkali, nikaona haya. Nimezungumza na Lamar. Tutakuja Julai mosi.

Corrie anaogelea vizuri, yuko kwenye timu ya shule, lakini amezoea maji yenye sakafu ya vigae. Kwa hiyo nina sharti moja. Unaikumbuka siku ya kwanza ya kuogelea kila mwaka? Mimi nimesimama gatini na taulo, natetemeka kwa hamu, na wewe unaingia kwanza. Unatembea mle ndani polepole, unapapasa chini kwa nyayo, unatafuta visiki na chupa zilizoletwa na maji kipindi cha baridi. Nikitaka kutia hata kidole, mama ananivuta taulo: "Wee! Baba huingia kwanza." Basi na Corrie hatatia mguu mpaka wewe umeingia. Hilo halina mjadala.

Nimecheka kwa hiyo plagi, Baba, ingawa si sana. Umenikumbusha mashine yetu ya kufulia, ile uliyoiunganisha barazani. Mama alifua amevaa kandambili za mpira miaka yote ile kwa sababu mashine ilikuwa "inang'ata", na wewe ukimwambia anadeka.

Shemasi bado yupo chini ya gati? Nimemwambia Corrie kwamba mama alikuwa na samaki wake, besi mkubwa, aliyekuwa akimlisha makombo ya mkate, na kwamba tulimpa jina hilo kwa sababu ya tumbo na ule mdomo ulioshuka. Haniamini.

Mwanao,
Nelda


Ghuba ya Sassafras
Aprili 27, 1986

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Corrie amepona? Mpake mafuta ya mkaratusi kifuani na umvalishe soksi. Goti langu limenyamaza tangu barua yako ifike, sijui lina masikio.

Niliisomea pale pale barabarani kwenye sanduku la barua, nikaingia nayo kwa Clovis bila hodi. Alikuwa anakula mayai.

"Wanakuja," nikamwambia.

"Nani? Watu wa kodi?"

"Nelda na mtoto, mjinga wewe."

Akainuka akanipa mkono kama vile mimi ndiye niliyejifungua. Tuna ugomvi wa samaki wa miaka mingi, lakini siku ile alinimiminia kahawa mwenyewe.

Sharti lako nimelikubali. Nani mwingine aingie? Miguu yangu inaijua sakafu ya ziwa hili kuliko sakafu ya kanisa.

Na krapi wamekuja, Nelda! Dogwudi zimefunguka kilimani kote, na jua likishuka nikiwasha taa, maji yanakuwa kijani, vidagaa wanazunguka, na chini yao vivuli vipana vinapita taratibu. Nashusha ndoano ya manyoya meupe. Hawavuti, wanaichukua wakipanda, kwa hiyo mshipi unalegea tu, na asiyejua anakaa anasubiri mpaka samaki amekwisha kwenda zake. Tena usimnyanyue kwa nguvu, mdomo wake ni karatasi, unachanika. Hayo yote nitamfundisha Corrie. Friza imejaa minofu, nitawakaangia kwa unga wa mahindi mpaka Lamar afungue mkanda. Shemasi yupo, amenenepa, anakaa pembeni anawatazama wenzake kama anahesabu nani hajatoa sadaka.

Kuna jambo moja la ajabu. Jumamosi jioni bata alitua karibu na gati taa zikiwa zinawaka, na Kwini akamrukia kama kawaida yake. Hakumfikia. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa. Alijaribu kugeuka, miguu ya nyuma haipigi, kichwa kinazama kinaibuka. Nililala kifudifudi gatini nikamvuta kwa wavu wa mpini mrefu wa mbao. Nimempapasa mwili mzima, hakuna jeraha wala tone la damu. Clovis anasema ni kasa wa ziwani, wale wanaong'ata. Tangu siku hiyo Kwini hakanyagi gatini. Anabaki barazani, na nikishuka ananitazama analia kichinichini. Uzee, labda.

Nimemnunulia Corrie ngazi ya alumini, nimeifunga kwa boliti mwisho wa gati, kwenye kina. Inang'aa mpaka inaumiza macho.

Baba yako


Dayton
Mei 18, 1986

Baba,

Shikamoo. Sote wazima, na Corrie amepona kabisa, sasa anatusumbua kwa kuhesabu usingizi uliobaki mpaka safari. Nimekuwekea humu picha aliyochora. Huyo mwenye kofia ni wewe, huyo wa njano ni Kwini, na hilo duara lenye kilemba ni Shemasi. Nilimwambia mashemasi wetu hawavai kilemba, akasema wa majini wanavaa.

Habari ya Kwini imenikaa rohoni. Yule mbwa aliwahi kuumwa na nyoka mdomoni na kesho yake akarudi majini. Kasa gani anauma bila kuacha alama? Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Najua utasema mbwa ni mbwa. Mpeleke tu.

Na wewe mwenyewe ukishuka gatini jioni uwe unamwambia Clovis. Sijui kwa nini naandika hivi. Labda ni kwa kuwa nimeanza kufurahia kuja, na mimi nikifurahi huwa naanza kuogopa, umenizoea.

Corrie anauliza kama ataruhusiwa kuruka kutoka mwisho wa gati. Nimemjibu kwamba babu ndiye atakayeamua.

Mwanao,
Nelda


Ghuba ya Sassafras
Juni 3, 1986

Mwanangu mwoga,

Marahaba. Natumai wote mnapumua vizuri na zamu za Lamar zimegeuka. Picha nimeibandika mlangoni mwa friji. Clovis ameiona, ana wivu, anasema tumbo langu limechorwa kwa huruma.

Kwini nilimpeleka. Daktari akamsikiliza moyo, akasema ni mzima kunizidi. Unaona?

Ila samaki wameniudhi. Krapi wametoweka. Clovis anasema joto limewapeleka kwenye kina, na kweli ndivyo wanavyofanya mwezi huu, lakini hata vidagaa hawaji tena kwenye taa, na vidagaa hawakimbilii kina. Nawasha, maji yanakuwa kijani na matupu. Na jana asubuhi nimemkuta Shemasi anaelea tumbo juu karibu na ngazi. Hana ndoano mdomoni, hana kidonda. Nimemzika kwenye waridi za mama yako. Usimwambie Corrie, tutasema amehamishiwa kanisa lingine.

Nimejibu mapigo: nimeongeza taa nyingine nne kwenye waya ule ule. Kama krapi hawataki mwanga mdogo nitawapa mkubwa.

Ngoja nikuchekeshe. Clovis alikuja jana jioni na boti lake la bati kuzicheka taa zangu. Akashika ngazi ajivute, akapiga yowe, akaanguka makalio ndani ya boti, chambo chote kikamwagika.

"Ngazi yako imenipiga!"

"Haipendi wezi wa samaki."

"Hoyt, sitanii. Mkono umekufa ganzi mpaka begani."

"Hiyo ni baridi yabisi, mzee. Umezamisha miti mingi mno."

Nikaishika ngazi mbele yake, mkono mzima, nimesimama na mabuti yangu ya mpira. Sikusikia kitu, labda kama sisimizi wawili watatu wanatembea kiganjani. Akaondoka amenuna bila hata kunitukana, na hiyo kwa Clovis ni dalili mbaya. Kesho kutwa anakwenda Memphis kwa mwanawe, akirudi atakuwa amesahau.

Mwambie Corrie ataruka mpaka achoke. Kuna kina cha kutosha.

Baba yako


Dayton
Juni 10, 1986

Baba,

Shikamoo, na unisamehe, leo sitauliza goti. Kabla hujasoma mstari mwingine nenda kibandani uchomoe ile plagi. Usishike ngazi njiani. Nenda, halafu urudi usome.

Umeichomoa? Asante.

Barua yako nimeipata leo. Niliisoma nikiwa nafua, na nilipofika pale Clovis alipoanguka nikacheka kwa sauti, kisha mkono wangu ukabaki juu ya kifuniko cha mashine. "Umekufa ganzi mpaka begani." Hayo ni maneno ya mama, Baba. Ndivyo alivyosema siku alipofua bila kandambili, na aliyasema akiwa amekaa chini barazani na uso umemwisha rangi. Plagi ile nayo uliikata jino la tatu, lile la usalama.

Hakuna kasa. Umeme unavuja kutoka kwenye waya wako, unaingia kwenye ngazi na kwenye maji. Ndio uliomshika Kwini. Ndio uliomuua Shemasi. Wewe huusikii kwa sababu unasimama kwenye mbao na mabuti ya mpira, kama mama na kandambili zake. Nimemwamsha Lamar nikamsomea yote. Alikaa kitandani akaniambia majini ni vibaya zaidi: misuli inashikwa, mtu hawezi kupiga mkono wala kuita, anazama kimya, na akitolewa hana alama hata moja. Watu husema moyo ulisimama. Na sasa umeongeza taa nne.

Nilikuwa nimlete mtoto wangu aruke humo.

Lile sharti langu nalifuta. Usiingie kwanza, usiingie mwisho, usiingie kabisa mpaka fundi atoe kila kitu, na fundi asiwe wewe. Kwini akiangukia majini usimfuate. Nimempigia Clovis tangu mchana, simu inaita tu, nikakumbuka Memphis. Nitaendelea kujaribu. Najituliza kwa kuwa Julai bado iko mbali na wewe huwa huingii mpaka tumefika wote tunakutazama.

Sikukasirikia nyumba siku ile ya mazishi. Nilitaka uiuze kwa sababu niliogopa kwamba utakufa hapo peke yako, na mimi nitaambiwa na mtu nisiyemjua. Nilishindwa kusema hivyo nikasema mengine. Nakupenda, Baba. Andika mara tu ukipata hii, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Nelda


Ghuba ya Sassafras
Juni 12, 1986

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sina barua yako mpya mkononi lakini najua uko njiani kuandika, kwa hiyo nakuamkua mapema. Mimi sijambo kabisa. Natumai nanyi mmeamka hivyo hivyo, na kwamba Corrie amefikia usingizi wa mwisho mwisho katika hesabu zake.

Ziwa leo ni shwari, nadhani ungelia ukiliona. Clovis hayupo, ameacha kimya kizuri. Nimeamka nikatazama ile picha kwenye friji nikasema, Hoyt, unangoja nini? Nikisubiri Julai nikakuta kisiki, mtoto atakaa gatini na taulo lake huku mimi natafuta msumeno. Afadhali nipite leo nikague, na nipate muda wa kung'oa kitakachopatikana. Siku mtakayofika nitaingia tena mbele yenu, ili haki itendeke.

Mvua ya juzi imechafua maji, chini hapaonekani. Kwa hiyo nimewasha taa zote mchana huu, zile za zamani na zile nne. Sasa naona vizuri mpaka penye ngazi. Unaona kwamba zina kazi, hata kama krapi wamezisusia?

Nimefikiria pia kuhusu nyumba. Sisemi nauza. Nasema mkija tutakaa barazani, wewe utasema yote uliyotaka kusema siku ile, na mimi nitanyamaza mpaka umalize. Mama yako angelipa kiingilio kuona hilo.

Kwini ana wazimu leo. Nilipovua mabuti aliniuma upindo wa suruali akawa ananivuta kurudi ndani, mbwa mzee namna ile, na meno yale machache. Nimemfungia jikoni. Nikiandika hapa barazani namsikia anaukwaruza mlango. Nitaupaka rangi upya kabla hamjafika.

Gari la mleta barua naliona linapinda kwenye mwerezi, kwa hiyo nafunga hii nimkabidhi, kisha nashuka. Miguu iko peku na nyasi zina joto. Mwambie Corrie ziwa lake litakuwa limekaguliwa na mtu anayelijua, kila hatua, kuanzia ngazini. Akiuliza kwa nini asiwe yeye, mvute taulo umwambie kama mama yako alivyokuwa anakuambia: Baba huingia kwanza.

Baba yako,
Hoyt